Albert Ekka, Askari Hodari

Albert Ekka alizaliwa mwaka 1942 katika kijiji cha Jari, nchi ya Uhindi. Wazazi wake walikuwa Wakristo wa kabila la Oraon. Tangu utoto alizoea kuwinda porini. Mwaka 1962 akaingia uaskari.

Mwezi wa Desemba 1971 vita vikazuka kati ya Uhindi na Pakistani. Kikosi chake kikatumwa kuishambulia ngome ya adui huko Gangasagar, katika nchi inayoitwa leo Bangladesh. Bombomu ya adui ilikuwa ikiwaua wenzake. Albert akaikimbilia, akawachoma askari wawili kwa singe, nayo ikanyamaza. Alijeruhiwa vibaya, lakini hakukubali kurudi nyuma. Mara bombomu ya pili ikaanza kupiga kutoka nyumba ya ghorofa. Akatambaa huku damu ikimtoka, akatupa bomu la mkono. Bombomu haikunyamaza. Basi akapanda ukuta, akaingia ndani, akamwua mpigaji. Hivyo akawaokoa wenzake wengi. Yeye mwenyewe akafa kwa majeraha yake.

Serikali ikamtukuza kwa Param Vir Chakra, nishani kubwa kuliko zote za ushujaa vitani. Apendaye wenzake hahesabu maumivu yake.