Yohani Kinyala Lauwo, mwongozaji wa Kilimanjaro

Mwenge wa Uhuru unapopita mkoani kwetu, mzee wa Butiama au Nyamuswa atakwambia kwamba wazo la kuupandisha juu ya Kilimanjaro lilikuwa la Mwalimu Nyerere. Wengine watamkumbuka pia Luteni Alexander Nyirenda, aliyeufikisha kileleni Desemba 1961. Lakini wakati huo njia ya kule juu ilikuwa imeshakanyagwa miaka mingi, hasa na Wachaga wa Marangu, na wa kwanza kutajwa miongoni mwao ni Yohani Kinyala Lauwo.

Lauwo alizaliwa Marangu, upande wa kusini mashariki wa mlima. Inaelezwa kuwa ukoo wake uliujua msitu vizuri, kwa kuwa wanaume wake waliingia humo kuwinda, kurina asali na kutafuta dawa. Juu ya msitu watu wengi hawakuwa na shughuli. Kuna baridi, hakuna kuni, na hewa ni nyepesi kiasi kwamba mtu huhema akiwa amekaa.

Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alifika Marangu kwa Mangi Marealle. Ilikuwa safari yake ya tatu. Mwaka 1887 barafu ya Kibo ilimrudisha nyuma. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika, maana alitekwa katika vita vya Abushiri huko pwani na kuachiwa baada ya kulipa fidia. Safari hii alikuja na Ludwig Purtscheller, Mwaustria aliyebobea katika milima ya barafu ya Ulaya.

Kwa masimulizi ya Marangu, kijana Lauwo alikuwa amefikishwa kwa Mangi kwa kosa la kukwepa kazi ya barabara. Wageni wakawa wanaomba mtu wa kuwaonyesha njia, na wazee walipoona ni kijana wa ukoo wa Lauwo, wakampa yeye kazi hiyo. Kesi ikaishia hapo. Alikuwa na umri wa miaka kama 18.

Kilichoisaidia safari ile, kwa maoni yetu, ni chakula. Meyer alipanga kambi za kupokezana: wapagazi walishuka Marangu na kupanda tena na vyakula, hivyo wapandaji waliposhindwa siku moja hawakulazimika kurudi hadi chini. Katika kambi ya juu, zaidi ya meta 4,000, alibaki nao Muini Amani, mtu wa Pangani, akipika na kulinda vitu kwenye baridi ambayo mtu wa pwani hajaizoea.

Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walifika ukingo wa kreta, wakaona kilele bado kiko mbele, wakarudi wakiwa wamechoka. Walikuwa wamekata ngazi kwenye barafu kwa shoka, hatua moja baada ya nyingine. Tarehe 6 Oktoba walipita tena kwenye ngazi zilezile wakafika juu kabisa, meta 5,895 kwa vipimo vya leo. Siku hiyo Purtscheller alikuwa anatimiza miaka 40. Kilele kikapewa jina la mfalme wa Ujerumani, jina lililodumu mpaka tulipopata uhuru, kikaitwa Uhuru.

Je, Lauwo alikuwa pamoja nao juu? Hapa masimulizi yanapishana. Kitabu cha Meyer kinataja wawili tu kileleni, yeye na Purtscheller. Marangu wanasema Lauwo alifika. Sisi hatuwezi kuamua. Tunachoona ni kwamba aliyeandika kitabu ndiye aliyechagua majina ya kuweka, na kijana wa Kichaga hakuwa na kalamu.

Baada ya hapo Lauwo aliifanya kazi hiyo kuwa maisha yake. Inasemwa aliongoza wapandaji kwa zaidi ya miaka 70. Sisi tuliozoea vilima vya Ikizu tunaweza kudhani kuongoza ni kutangulia tu mbele. Kilimanjaro si hivyo. Kwa njia ya Marangu watu hupanda kwa siku kadhaa, wakilala Mandara, Horombo na Kibo, kisha huondoka usiku wa manane kwenda kileleni. Huko juu mtu huvuta karibu nusu tu ya oksijeni anayoipata usawa wa bahari. Mwongozaji huwalazimisha watu kwenda pole pole. Humtazama nani anaumwa kichwa, nani anatapika, nani anayumba kama mlevi, na huyo humshusha mara moja hata kama amelipa fedha nyingi na analia kwamba kilele kile pale. Kumkatalia mtu wa namna hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi.

Barafu aliyoiona Lauwo ujanani, sehemu kubwa haipo tena. Watafiti walipima na kukuta asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2007. Pale Purtscheller alipokata ngazi, sasa ni mawe.

Sifa zilimfikia Lauwo uzeeni. Mwaka 1989, ilipoadhimishwa miaka 100 tangu kilele kifikiwe, alitambuliwa rasmi na akajengewa nyumba ya kisasa kijijini Ashira, Marangu. Alifariki Mei 1996. Ilitangazwa kuwa alikuwa na miaka 125, na hapo wengi hutia shaka, maana mtu aliyeishi miaka mingi zaidi duniani kwa ushahidi wa vyeti, Jeanne Calment wa Ufaransa, alifikisha 122. Lauwo hakuwa na cheti. Kama alikuwa mdogo kwa miaka kumi na tano tu, basi mwaka 1889 alikuwa mtoto mdogo na masimulizi yote yanayumba. Lakini babu zetu wengi nao walihesabu umri kwa njaa na nzige, na hatukuwaita waongo.

Langoni Marangu, mahali wageni wanapoandikisha majina kabla ya kupanda, kuna kumbukumbu ya Hans Meyer. Karibu yake kuna nyingine, ya waongozaji na wapagazi wa Kichaga, na jina la Lauwo limo.