Hassan Fathy: Msanifu aliyekwenda kusoma kwa waashi wa jangwani

NDUGU msomaji, tumezoea katika ukurasa huu kuwaeleza wanazuoni wa fiqhi, hadithi na tafsiri. Leo tumtazame mtu ambaye elimu yake ilikuwa ya kuta na mapaa, naye ni Hassan Fathy wa Misri, aliyezaliwa Iskandaria tarehe 23 Machi 1900 katika nyumba ya watu wenye mali na mashamba.

Alitamani kwanza kusomea kilimo, akashindwa katika usaili kwa kuwa shamba alilijua kwa kuambiwa tu. Ndipo akaingia usanifu wa majengo, akahitimu Cairo mwaka 1926. Kazi ilipompeleka vijijini aliona wakulima wakiishi katika vibanda vichafu vilivyobanana, nao ndio waliolisha mji. Fikra ikamjia: wahandisi wanasema maskini hawezi kujenga kwa sababu saruji na chuma ni ghali, ilhali chini ya miguu ya mkulima huyo umejaa udongo, na jua la kuukausha halilipiwi.

Ukuta wa tofali mbichi haukuwa na shida. Shida ilikuwa paa. Misri haina misitu, na mbao huagizwa kutoka nje. Mafarao na Waislamu wa kale waliezeka kwa matao na makuba ya udongo, lakini Fathy na waashi wake walidhani tao haliwezi kupanda bila kiunzi cha mbao cha kulishikilia mpaka likauke. Vita Kuu ya Pili ilipozifanya mbao na chuma kuadimika, alijaribu kujenga matao bila kiunzi, nayo yakaanguka. Ndugu yake, aliyekuwa akifanya kazi Aswan, akamweleza kwamba Wanubi wa huko huezeka nyumba na misikiti yao kwa udongo mtupu, bila ubao hata mmoja.

Mwaka 1941 akasafiri kwenda kuona. Huko Gharb Aswan alikuta kijiji kizima chenye nyumba safi, ndefu na zenye nakshi, zilizojengwa na watu wasioingia chuo chochote. Mwashi wa Kinubi huanza kwa kuinua ukuta wa nyuma kuliko kuta za pembeni. Juu ya ukuta huo huchora umbo la tao kwa udongo, kwa jicho lake tu. Kisha huchukua matofali membamba, yaliyochanganywa na mabua mengi ili yawe mepesi, na yaliyokwaruzwa kwa vidole usoni ili yashike. Mstari wa kwanza huuegemeza kwenye ukuta ule, wa pili huuegemeza juu ya wa kwanza, hivyo hivyo mpaka mwisho wa chumba. Kwa kuwa kila mstari umelala kidogo juu ya mwenzake, hakuna tofali linalodondoka. Waashi wawili waliweza kukiezeka chumba kwa muda wa siku moja na nusu. Profesa wa chuo kikuu akakaa mbele yao kama mwanafunzi, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika maisha yake.

Wako waliodhani ni mapenzi tu ya mambo ya kale. Mwaka 1964 vikajengwa mjini Cairo vyumba viwili vya majaribio, kimoja cha tofali mbichi chenye kuta za sentimita 50, kingine cha vipande vya zege vya sentimita 10. Katika saa 24, joto ndani ya chumba cha udongo lilikuwa kati ya nyuzi 21 na 23. Ndani ya zege lilifika 36, yaani nyuzi 9 zaidi ya joto la nje. Mtu angepumzika vizuri zaidi uani kuliko ndani! Sisi tunaolala chini ya bati tunayajua hayo bila kipimo. Lakini msomaji wa pwani asikimbilie kuiga ukuta mnene: dawa hiyo ni ya nchi kavu yenye usiku wa baridi, na penye unyevu wa bahari kinachotakiwa ni upepo upite. Fathy mwenyewe alifundisha kutazama hewa ya mahali kwanza.

Mwaka 1945 Idara ya Mambo ya Kale ya Misri ilimkabidhi kazi iliyompa jina na iliyomvunja moyo. Watu wa Gourna, mkabala na Luxor, wapatao 7,000, walikuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale, na baadhi yao wakichimba na kuuza vilivyomo. Serikali ikataka wahame. Fathy akawasanifia Gourna Mpya: msikiti, soko, shule, na nyumba zenye ua wa ndani unaowasitiri watu wa nyumbani na kuhifadhi ubaridi wa usiku. Shuleni akaweka malqaf, yaani mnara wa kunasa upepo wa juu na kuushusha ndani, ukipita kwenye mkaa uliolowanishwa maji.

Watu hawakutaka kuhama. Riziki yao ilikuwa kule mlimani, na wengine walisema kuba ni la kaburi, si la chumba cha kulala. Usiku mmoja tuta la kuzuia maji likatobolewa ili kijiji kizame. Ukiritimba wa maofisa nao ukakawiza fedha na mabua, na kazi ikasimama katika miaka ya mwisho ya 1940 ikiwa sehemu ndogo tu imekamilika. Wapenzi wa Fathy huwalaumu wanakijiji na maofisa. Mimi naona shauri lilikuwa limekwishapitishwa kabla ya mwenye nyumba kuulizwa, na uzuri wa ramani haukuweza kuliziba pengo hilo, ingawa yeye alijitahidi kuzungumza na familia moja moja.

Mwaka 1957 alihamia Ugiriki kwa miaka kadhaa. Kijiji cha Baris, katika oasisi ya Kharga, kilikatizwa na vita vya 1967. Kitabu chake kuhusu Gourna kilitoka Cairo mwaka 1969, kisha Chicago mwaka 1973, ndipo dunia ikamjua. Mwaka 1980 akatunukiwa tuzo ya Aga Khan ya usanifu, na akiwa na umri wa miaka 80 akaenda na waashi wa Kinubi hadi New Mexico, Marekani, kuwajengea Waislamu wa huko msikiti wa udongo.

Alifariki tarehe 30 Novemba 1989 mjini Cairo, alikokuwa akiishi katika nyumba kongwe karibu na ngome ya Salahuddin. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kuanzia mwaka 2006 watu wa Gourna ya zamani walihamishwa na nyumba zao kuvunjwa, wakapelekwa katika nyumba za kisasa zisizo za udongo. Katika Gourna Mpya nyumba nyingi za Fathy zimebomolewa, mahali pake pakasimama maghorofa ya zege. Msikiti wake umebaki.