Mchina wa uongo, risasi ya kweli
Wale waliotazama filamu The Prestige ya mwaka 2006 wanamkumbuka Mchina mzee wa mazingaombwe, Chung Ling Soo. Alikuwako kweli, ila hakuwa Mchina: ni William Robinson, Mmarekani aliyezaliwa 1861. Jukwaani alikaa kimya ili asijulikane. Mchezo wake mkubwa ulikuwa kudaka risasi kwa sahani. Siri ilikuwa ndani ya bunduki: baruti inalia, risasi inabaki. Tarehe 23 mwezi wa tatu 1918, kule London, bunduki ile iliyochakaa ikatoa risasi yenyewe. Akafa kesho yake.

Huku Fizi na Baraka, Wasimba wa 1964 waliambiwa risasi zitageuka maji. Robinson yeye alijua kwamba ni mchezo tu, na bado risasi ilimuua.