Jan Łukasiewicz, msomi mkimbizi aliyeondoa mabano katika hesabu

Jan Łukasiewicz alizaliwa Desemba 21, 1878 katika mji wa Lwów, ambao leo ni Lviv, inchini Ukraine. Alifundisha mantiki, akawa waziri wa elimu wa Polandi mwaka 1919, kisha mara mbili mkuu wa Chuo Kikuu cha Warsaw.

Mwaka 1924 alipata njia ya kuandika bila mabano: alama inatangulia, vitu vinafuata. Mpangilio peke yake unatosha. Baadaye wataalamu wa ordinatere waliigeuza: vitu kwanza, alama mwisho.

Aliyepakia kamiyo pale Shasha, kwenye barabara ya Sake–Minova, ataelewa haraka. Gunia la mwisho kupanda ndilo la kwanza kushuka. Tuseme una magunia 3 ya maharagi na 4 ya viazi, kila gunia linasafirishwa kwa dola 5. Mashine inaandikiwa: 3 4 + 5 ×. Inaweka 3, juu yake 4. Alama ya + inaondoa zote mbili, inaacha 7. Inapanda 5, kisha × inaacha 35.

Vita havikumuacha. Septemba 1939 mabomu yaliteketeza maktaba yake, maandishi yake na kiwanda kilichokuwa kinachapa kitabu chake juu ya Aristotle. Wakaaji wengi wa Masisi wanajua maana ya kupoteza vyote hivyo kwa siku moja. Aliondoka Warsaw mwaka 1944, na 1946 Ireland ikampokea. Huko Dublin aliandika upya kitabu kile, kikatoka 1951. Alifariki Februari 13, 1956.

Karibu mwaka 1970, Mmarekani Charles Moore alijenga lugha ya Forth juu ya rundo kama lile la magunia. Hapo ubishi ukaanza. Vitu vikifika 4 au 5 ndani ya rundo, mwandishi wa programu anashinda akivipandisha na kuvigeuza. Wengine walitaka kila kitu kipewe jina la muda, linalofutika kazi ikiisha. Moore hakupenda, kwake dawa ni kugawa kazi iwe vipande vidogo. Kanuni za Forth za mwaka 1994 ziliruhusu majina hayo bila kuyalazimisha.

Kijana anayejifunza leo anaweza kuwasikiliza wote: vitu 2 au 3, mpangilio wa Łukasiewicz unatosha, vikizidi, agawe kazi, au atoe jina.