Al-Kindi na Elimu ya Kukeneka

Katika miji yetu ya pwani hapana nyumba isiyoyajua mawardi. Harusini wageni hurashiwa kwa mrashi, maulidini hali kadhalika, na jeneza nalo halikosi harufu yake. Lakini ni wachache wajiulizao maji hayo hutolewaje katika waridi, na ni nani walioiandika elimu ya kuyatoa. Kwa hiyo tumeona ni vyema kuwakumbusha ndugu zetu habari za mmoja katika wanavyuoni hao, naye ni Abu Yusuf Yaaqub bin Is-haq al-Kindi, aliyepewa jina la Mwanafalsafa wa Waarabu.

Bwana huyu alizaliwa mjini Kufa yapata mwaka 185 Hijria, sawa na 801. Baba yake alikuwa liwali wa Kufa, na nasaba yao yafika kwa Al-Ash'ath bin Qays, mkuu wa kabila la Kinda aliyekuwa katika Masahaba. Angeweza kuridhika na jaha ya ukoo akaketi barazani. Hakufanya hivyo, bali alikwenda Baghdad akashughulika na elimu katika zama za Khalifa Al-Maamun, aliyetawala tangu 813 hata 833, na za nduguye Al-Muutasim, aliyemtia mwanawe Ahmad katika mikono ya Al-Kindi amfundishe. Vitabu vya Wayunani vilikuwa vikifasiriwa kwa Kiarabu, naye alikuwa katika waliosimamia kazi hiyo. Rai yake ilikuwa kwamba mtu asione haya kuipokea haki popote itokapo, hata ikitoka kwa watu wa mbali wasiokuwa wa mila yake. Ibn al-Nadim, aliyeorodhesha vitabu vya Kiarabu katika karne ya kumi, amemhesabia zaidi ya vitabu 240, vya hesabu, nyota, tiba, mwangaza, muziki na kufumbua maandishi ya siri.

Miongoni mwa vilivyobaki na vilivyonasibishwa kwake ni kitabu cha kemia ya manukato na kukeneka, ambacho kilipigwa chapa huko Leipzig mwaka 1948 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Mna ndani yake maelezo zaidi ya mia ya kutengeneza manukato na mafuta. Kukeneka ni kuchemsha kitu cha majimaji mpaka kikawa mvuke, kisha kuupoza mvuke huo ukarudi kuwa maji safi. Vyombo vyake ni vitatu. Cha chini Waarabu walikiita qar'a, yaani kibuyu, kwa umbo lake. Cha juu ni kichwa chenye mdomo, al-anbiq. Cha tatu ni qabila, maana yake mkunga, kwa kuwa hukipokea kinachozaliwa.

Kazi hii yataka subira. Jambo la kwanza ni moto, nao uwe wa kiasi. Ndiyo maana chombo huzamishwa katika maji ya moto kisiguswe na ndimi za moto, na njia hiyo imetajwa katika kitabu hicho. Mwenye pupa akichochea kuni, povu hupanda kama uji jikoni, likaingia katika al-anbiq, na mawardi yote yakaharibika.

Haya yawahusu vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaopanda bara kusoma Eldoret, ambako karibu yake kiliasisiwa Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984. Mji huo uko juu ya bahari kiasi cha mita 2,100, na maji huchemka huko kwa nyuzi 93 hivi, si 100 kama kwetu. Lakini asidhani mtu kwamba hatari imepungua. Chupa ya kioo ni laini ndani, na povu la mvuke lahitaji tundu au mkwaruzo lianzie hapo. Likikosa, maji hupita kiwango chake cha kuchemka huku yametulia, kisha kwa ghafula huruka yote pamoja, yakavunja chupa au kuunguza uso na macho. Chungu cha udongo hakina sana tabia hiyo, kwa kuwa kina vinyweleo vingi.

Dawa yake ni nyepesi. Vitiwe vigae viwili vitatu vya udongo uliochomwa usiopakwa kioo, navyo vitoe mapovu madogo madogo. Vitiwe maji yakiwa baridi, kwani kigae kikitupwa katika maji yaliyokwisha pita kiwango hulipuka papo hapo. Kazi ikisimama na chupa ikapoa, vitiwe vipya, maana vile vya kwanza vinyweleo vyake vimejaa maji. Chupa isijazwe kupita theluthi mbili, na kama kitu ni chenye povu, nusu yatosha. Wala isikaushwe kabisa. Na anayekeneka kwa kuvuta hewa nje asitegemee vigae, bali akoroge daima.

Turudi kwa mwanachuoni wetu. Zama zake walijaa watu waliodai kugeuza shaba kuwa dhahabu, wakiwala watu mali zao. Al-Kindi aliandika kuwakanusha na kufichua hila zao. Baadaye Ar-Razi, naye tabibu mkubwa, aliandika kumjibu. Wawili hao walishindana kwa hoja, wala elimu haikupungukiwa kitu kwa hilo.

Mtihani wake mkubwa ulikuja katika utawala wa Al-Mutawakkil. Wanahistoria wasimulia kwamba wana wa Musa bin Shakir, Muhammad na Ahmad, nao ni wanavyuoni, walimhusudu wakamchongea kwa Khalifa. Akapigwa, na vitabu vyake vyote vikachukuliwa. Kisha ndugu hao walisimamia uchimbaji wa mfereji, ukachimbwa kwa makosa hata maji hayakuweza kupita ila mto ukijaa. Wakaogopa kuuawa, wakamkimbilia Sind bin Ali awaokoe. Naye alikataa kuwasaidia mpaka Al-Kindi arudishiwe vitabu vyake, na vikarudishwa. Alifariki Baghdad yapata mwaka 260 Hijria, sawa na 873.

Ndugu zangu, twapenda kujisifu kwamba wazee wetu ndio waliowafundisha walimwengu. Ni kweli walifundisha, lakini sifa za marehemu hazimfai mrithi aliyelala. Al-Kindi hakuiridhia jaha ya baba yake, nasi yatupasa tusiridhike na jaha yake. Na atakayewaambia wanetu kwamba kusoma kemia si katika elimu zetu, na aulizwe mawardi aliyorashiwa harusini yametoka wapi.

Wabillahi tawfiq.