Apolo wa Mboga na Chungu Kitupu

Mambo ya pesa kanisani huwakunja wengi uso. Mtu akiona kikapu cha sadaka kinakaribia, anaanza kutafuta ukurasa kwa Biblia. Wiki hii tumwangalie mtumishi wa hapa hapa Afrika Mashariki, Apolo Kivebulaya.

Alizaliwa Buganda kama mwaka 1864, akaitwa Waswa kwa kuwa alikuwa pacha. Alibatizwa Januari 1895, akapewa jina Apolo. Mwaka huo huo akatumwa Toro kufundisha, na mwishoni mwa 1896 akavuka hadi Mboga, ambayo leo iko Kongo.

Kabla yake walikuwa wametangulia walimu wawili Waganda. Mtawala wa Mboga, Tabaro, hakuwaua. Aliwanyima chakula tu, wakarudi walikotoka. Hebu fikiria: Injili ilisimamishwa na chungu kitupu!

Apolo alienda akijua hayo yote. Akapigwa. Dada yake Tabaro alipoangukia mkuki akafa, Apolo ndiye aliyesingiziwa, akafungwa minyororo na kutupwa gerezani Toro. Alipoachiliwa, akarudi kule kule Mboga. Mwishowe Tabaro mwenyewe akabatizwa, akaitwa Paulo.

Sasa, nani alikuwa anawatunza walimu kama hao? Wengi watasema ni Wazungu wa London. La. Askofu Alfred Tucker alishikilia kwamba walimu Waafrika na makanisa ya vijijini vitunzwe na waumini wa Uganda wenyewe. Basi watu wakatoa simbi, zile kauri zilizokuwa pesa yao, wakatoa mazao ya shamba na nguvu za mikono. Hawakuwa matajiri. Lakini neno lilisonga mbele kwa sababu walioamini walikubali kulibeba.

Apolo akawa shemasi 1900 na kasisi 1903. Uzeeni bado alikuwa akiwafuata Wambuti msituni. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza kichwa chake kaburini kielekee magharibi, kwenye msitu wa Kongo, kwa maana kazi ilikuwa bado huko.

Sisi hapa Rhamu tuko wachache. Wengi tumekuja kikazi, na nyumbani kuna karo na wazazi wa kutumia pesa. Ni rahisi kusema wacha walio mbali watume msaada. Lakini msaada wa mbali ukikatika, nani atabaki na mtumishi?

Sadaka si bahati nasibu, eti nitoe mia nivune elfu. Wala si ushuru. Ni kusema kwamba kazi hii ni yetu. Mwenye hamsini atoe hamsini kwa furaha, asiye na kitu alete mikono yake. Na wanaoshika mfuko wasome hesabu mbele ya watu, mtoaji asibaki na shaka.

Wiki hii soma 2 Wakorintho 9 pamoja na jamaa yako. Kisha jiulize: chungu cha mtumishi kikiwa kitupu, mimi niko wapi?