Kitabu cha Tippu Tip ni cha nani?

KAMANYOLA, Kivu Kusini – Anayetoka Bukavu kwenda Uvira anashuka milima hadi Kamanyola, pale bonde la Ruzizi linapofunguka na mipaka ya Congo, Rwanda na Burundi inapokaribiana. Watu wa lugha mbalimbali hukutana hapo sokoni, na wasiposikilizana hurudi kwenye Kiswahili. Lugha hiyo ilivuka Ziwa Tanganyika kwa miguu ya misafara ya biashara katika karne ya 19, kabla utawala wa Wabelgiji, misioni na jeshi havijaieneza zaidi. Kati ya wakubwa wa misafara hiyo, jina linalokumbukwa kuliko yote mashariki mwa Congo ni la Tippu Tip, ingawa njia zake zilikuwa kusini zaidi, kuelekea Kasongo ya Maniema.

Wengi wanamjua kwa bunduki, pembe za tembo na minyororo. Wachache wanajua kwamba aliacha kitabu cha Kiswahili, na kwamba hadi leo jina la mwandishi linabadilika kulingana na toleo unaloshika mkononi.

Hamed bin Muhammed el Murjebi alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyekaa sana Tabora, na kijana alianza safari mapema kwa kufuata njia hizohizo. Ukoo wake ulikuwa wa Waarabu wa Omani waliochanganya damu na Waafrika wa bara kwa vizazi kadhaa. Jina la Tippu Tip, kwa maelezo yake mwenyewe, lilitokana na mlio wa bunduki zake. Wengine walisema ni kwa sababu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Umaarufu wake wa kwanza ulitoka Itabwa, kusini mwa Tanganyika, alipomshinda Nsama, mtemi aliyeogopwa na wafanyabiashara wote wa wakati huo. Mwaka 1867 alikutana huko na David Livingstone, akamsaidia.

Kutoka hapo alisogea kaskazini na magharibi, na safari hiyo ndiyo yenye kisa ambacho kila msomaji wa Maniema angepaswa kukijua. Katika mateka aliokuwa nao, alisikia habari za mtemi mzee, Kasongo Rushie, ambaye dada zake walikuwa wametekwa zamani na kupelekwa mbali. Tippu Tip aliyashika majina na mambo yote ya habari hiyo. Alipofika kwa mzee, alijitambulisha kuwa mjukuu wa mmoja wa dada hao. Mzee aliamini, akafurahi kwamba damu yake imerudi nyumbani, akamwachia utawala. Mfanyabiashara wa Unguja akawa mtemi wa Watetela kwa ukoo alioutunga mwenyewe.

Jambo hilo halikufichuliwa na adui yake. Alilieleza mwenyewe kitabuni, bila haya na bila kuomba radhi, kama mtu anayesimulia biashara iliyokwenda vizuri. Malighafi ya uongo wake ilitoka katika vinywa vya mateka. Wao ndio walioijua hadithi ya dada wa Kasongo Rushie, na bila wao asingekuwa na la kusema mbele ya mzee. Majina yao hayakuwekwa popote.

Kuanzia miaka ya 1870 makao yake yakawa Kasongo, si mbali na Nyangwe, soko kubwa la mto Lualaba. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alimkuta huko, wakapatana kwamba Tippu Tip amsindikize sehemu ya safari ya kushuka mto. Stanley alirudi Ulaya, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1878 na kumfanya maarufu. Kwa masimulizi ya Tippu Tip, ahadi za zawadi zilikuwa kubwa, lakini kilichomfikia ni picha ya Stanley. Ulaya ilimjua Tippu Tip kwa kalamu ya mtu aliyemlalamikia, na huenda hilo lilimkaa moyoni.

Februari 1887, huko Unguja, Stanley alimletea mkataba mwingine, wa mfalme Leopold II. Tippu Tip akawa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kwa mtu aliyehesabu pembe kwa mafrasila, mshahara huo ulikuwa kama posho ya karani. Alikubali kwa sababu aliona nguvu za Wazungu zinakuja kutoka pande zote mbili za bara. Baadaye Stanley alimshtaki Unguja akidai amevunja ahadi ya kumpatia wapagazi, na mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka Congo kwenda kujitetea. Hakurudi tena.

Vita kati ya Dola Huru la Congo na Waarabu vilianza mwaka 1892 akiwa mbali. Mwaka uliofuata Nyangwe na Kasongo vikaanguka, na mwanawe Sefu akauawa. Ngongo Lutete, aliyekulia utumwani, akawa jemadari wa Tippu Tip kisha akahamia upande wa Wabelgiji, naye alipigwa risasi mwaka huohuo wa 1893 na walewale aliowasaidia kushinda. Ngongo Lutete hakuacha ukurasa hata mmoja wa mkono wake.

Mzee wa Unguja alikuwa na muda na alikuwa na kalamu. Heinrich Brode, Mjerumani aliyefanya kazi katika ubalozi mdogo wa nchi yake kisiwani, alimwomba aandike maisha yake. Tippu Tip aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa pwani. Brode aliyageuza maandishi hayo kuwa herufi za Kilatini, akayatafsiri kwa Kijerumani, na yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 katika jarida la chuo cha lugha za mashariki. Jina la Tippu Tip liliwekwa juu kama mwenye maisha, na la Brode kama mnakili na mfasiri.

Kugeuza herufi si kazi ndogo. Herufi za Kiarabu zilivyotumiwa na Waswahili hazitofautishi vizuri i na e, wala u na o, na sauti kadhaa za Kibantu hazina herufi yake. Neno la kawaida msomaji atalitambua kwa maana ya sentensi. Lakini jina la mto au la mtemi wa Lomami, ambalo Brode hakuwahi kulisikia likitamkwa na wenyewe, lilihitaji mtu aamue lisomwe vipi. Majina mengi ya Congo yaliyomo yamepita katika uamuzi wa namna hiyo.

Kisha, mwaka 1905, Brode alitoa kitabu kingine cha Kijerumani kuhusu Tippu Tip, kilichotegemea maelezo yaleyale. Safari hii mwandishi ni Brode peke yake, na kichwa cha kitabu kinamwita mzee huyo dikteta wa Afrika ya Kati. Toleo la Kiingereza likafuata mwaka 1907, nalo kwa jina la Brode. Tippu Tip alikuwa amefariki nyumbani kwake Unguja Juni 1905. Mwaka 1958 na 1959 W. H. Whiteley alichapisha Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza bega kwa bega, na kichwa cha toleo hilo kinatangaza kwamba hayo ni maisha ya Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe.

Kiswahili kina maneno yake ya kupanga jambo hili, na ni makali kuliko Kifaransa: kuna mtunzi, mwandishi, msimulizi, mnakili, mfasiri. Tippu Tip alikuwa matatu ya kwanza, Brode mawili ya mwisho. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Congo nayo imo, unailinda tafsiri kama kazi ya mfasiri bila kumwondolea haki mtunzi wa kwanza. Siku hizi baadhi ya majarida ya sayansi yana orodha ya kazi 14, ili ijulikane nani alikusanya habari, nani aliandika, nani alitafuta pesa. Wahariri wa majarida ya tiba wanataka mambo manne kwa yeyote anayeweka jina lake: awe amechangia kwa kweli, awe ameandika au kusahihisha, awe amekubali maandishi ya mwisho, na awe tayari kujibu maswali juu ya kazi hiyo.

Sharti hilo la nne ndilo zito kwa Tippu Tip. Kitabu kikiwa cha Brode, basi vijiji vilivyochomwa na watu waliofungwa vinakuwa habari za Mjerumani kuhusu mtu wa Afrika ya Kati, na kila mmoja anaweza kusema mwingine ndiye aliyezitia chumvi. Kikiwa cha Tippu Tip, ni yeye anayesema alifanya nini Itabwa, nani alimdanganya kwa Kasongo Rushie, na kwa nini kitabu chake kinahesabu pembe kwa uangalifu kuliko kinavyohesabu watumwa. Wanaotaka jina lake lirudi juu ya kitabu wakati mwingine hudhaniwa wanamtukuza. Kuliondoa ndiko kungempunguzia mzigo.

Kwa wasomaji wa Congo kazi kubwa zaidi ilifanywa na padri François Bontinck, mwanahistoria aliyefundisha Kinshasa. Tafsiri yake ya Kifaransa ilitoka Brussels mwaka 1974, na ndani yake ameongeza maelezo mengi ya kutambua tarehe, mito na watemi, mambo ambayo Tippu Tip aliyapita harakaharaka au hakuyaweka kabisa. Kwenye jalada jina la Tippu Tip limo ndani ya kichwa cha kitabu, na la Bontinck limewekwa kama mfasiri na mtoa maelezo. Mwanafunzi wa historia wa Bukavu anayetaka kujua kilichotokea Maniema huanza na toleo hilo. Anasoma kwa Kifaransa habari iliyoandikwa kwanza katika lugha inayotumiwa leo kupatana bei sokoni Kamanyola.